Fuata Mabomba Kwanza

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi kwenye mkusanyiko wa mafundi na wenye magari ya zamani yenye tabo (turbo, kifaa kinachoshindilia hewa kwenye injini), Tabata, Dar es Salaam. Waliokosa kufika waliomba iwekwe yote. Nimeiacha kama ilivyosemwa.

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za jua? Najua wengine mmetoka Mbagala na wengine Bunju, na foleni ya leo mnaijua kuliko mimi, kwa hiyo sitawachosha kwa salamu.

Naomba mikono. Nani hapa amewahi kubadilisha tabo? Asante, wengi. Nani amebadilisha mara mbili kwenye gari lile lile? (Kicheko.) Naona mikono inapanda polepole, msione haya. Sasa swali la tatu. Kati ya ninyi wa mara mbili, nani alifungua bomba la kurudishia oili na kuchungulia ndani kabla hajafunga tabo ya pili?

Mkono mmoja. Mzee wangu pale nyuma, heshima yako.

Nimekuja na neno moja tu, na nitalirudia mpaka mnichoke. Tabo haifi hivi hivi. Inauawa. Inauawa na kitu kilichoingia ambacho hakikutakiwa kuingia, au kitu kilichotakiwa kutoka kikashindwa kutoka. Ukiona moshi, ukisikia mlio, ukikosa nguvu, usikimbilie maduka ya vipuri ya Gerezani kutafuta tabo nyingine. Fuata mabomba kwanza.

Tuelewane kwanza kuhusu chombo chenyewe. Injini hii mnayoiona mezani ni 3S-GTE, silinda nne, lita mbili, ya Toyota Celica GT-Four. Wazee wanaikumbuka gari hii kutoka Safari Rally: dereva Waldegård alishinda nayo mwaka 1990, Sainz 1992, Kankkunen 1993. Nimeichagua kwa sababu bado zipo mjini, na kwa sababu ukiielewa hii, ya Subaru au ya Mark II haitakutisha.

Tabo ni feni mbili kwenye shafti moja. Feni ya kwanza inazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini. Feni ya pili, upande wa pili wa shafti, inavuta hewa kutoka kwenye filta na kuishindilia ndani ya silinda. Hewa ikiwa nyingi, mafuta mengi zaidi yanaungua, na nguvu inapanda. Wazo lenyewe ni la zamani kuliko watu wote tuliomo humu: Mswisi aitwaye Alfred Büchi alilichukulia hataza mwaka 1905.

Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss alipakia injini ya ndege, Liberty, juu ya lori na kuipandisha mlima wa Pikes Peak huko Colorado, mita kama 4,300 juu ya bahari. Injini ile chini ilikuwa inatoa nguvu farasi kama 350. Kule kileleni, ambako hewa ni nyepesi, ikabaki na 230 hivi. Akaifungia tabo, ikarudi juu ya 350. Injini ile ile, mafuta yale yale, mlima ule ule. Ndiyo maana mwenye tabo akipanda Kitonga kuelekea Iringa hahangaiki na gia kama jirani yake asiye na tabo. Lakini hapewi bure: kadiri hewa inavyokuwa nyepesi, ndivyo tabo inavyolazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili ifikishe msukumo ule ule. Gari ambalo hapa Dar linajikongoja na mpira wenye tundu, kule Mbeya ndiko litakakokuumbua.

Sasa hesabu kasi hiyo. Injini yako ikifika mizunguko 7,000 kwa dakika, unasema imelia. Shafti ya tabo inapita 100,000. Laki moja kwa dakika! Upande mmoja inakutana na moshi unaoweza kufika nyuzi 900 na zaidi, upande wa pili hewa ya kawaida ya mtaani. Na kinachoibeba ni nini? Kwenye tabo nyingi za magari haya ya zamani hakuna beringi ya gololi. Kuna bushi, na kati ya bushi na shafti kuna utando mwembamba wa oili. Shafti inaelea kwenye oili. Utando huo ukikatika kwa sekunde chache tu, chuma kinagusa chuma, na hadithi imekwisha.

Kwa hiyo tuanze na oili, maana hapo ndipo makaburi mengi yanapochimbwa.

Kijana mmoja aliwahi kuleta GT-Four nyeupe, toleo la ST185, safi, mtu anaipenda gari yake. Inatoa moshi wa bluu. Alikuwa ameshafunga tabo ya tatu. Ya tatu! Na kila gereji alikopita aliambiwa sentensi moja: "Bosi, oili sili ya tabo imekufa." Analipa, anafungiwa nyingine ya mtumba, wiki mbili anakaa vizuri, moshi unarudi.

Sasa nisikilizeni, hasa vijana. Ndani ya tabo hakuna sili ya mpira kama ile ya krenki, shafti kubwa ya injini. Mpira gani utakaa jirani na moshi wa nyuzi 900? Kilichomo ni ringi nyembamba ya chuma, ya namna ya ringi za pistoni, na hiyo ringi haijatengenezwa kuzuia bwawa la oili. Kazi yake inategemea mambo mawili: shinikizo la moshi na hewa kutoka nje, na oili kuondoka haraka pale katikati. Oili isipoondoka, inajaa. Ikijaa, inapita kwenye ringi. Ikipita, inaungua kwenye eksozi au inaingia kwenye mabomba ya hewa, na wewe unaona moshi wa bluu. Tabo ni nzima kabisa, lakini imezamishwa.

Oili inaingia kwenye tabo kwa nguvu ya pampu, kupitia bomba jembamba. Lakini kutoka? Haina pampu. Inadondoka kwa uzito wake. Na haitoki kama ilivyoingia; imepigwa na shafti ya laki moja, imekuwa povu, kama maziwa yanayofurika sufuriani. Povu linahitaji nafasi. Ndiyo maana bomba la kurudi ni nene mara kadhaa kuliko la kuingia. Ndiyo maana linatakiwa lishuke moja kwa moja, lisipande hata kidogo, lisiwe na tumbo, na liingie kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, juu ya kimo cha oili. Siyo chini yake. Juu yake.

Kwenye gari ya yule kijana tulikuta nini? Bomba la chuma la kurudishia lilishatupwa zamani. Mahali pake pamewekwa mpira mrefu, umelegea katikati, umetengeneza tumbo. Halafu pale kwenye flenji, uso wa kuungia bomba, badala ya gasketi, fundi amepaka silikoni ya mkebe, kwa ukarimu kabisa. Silikoni ukiikandamiza inakwenda pande mbili: nje unaiona na kuifuta, ndani huioni. Tundu la kutolea oili lilikuwa limebaki nusu. Tabo tatu, ndugu zangu, kwa sababu ya gasketi ambayo ungeikata mwenyewe kwenye karatasi ya gasketi ukiwa umekaa kwenye ndoo.

Kuna chanzo kingine cha moshi huo huo ambacho watu hawakifuati kwa sababu hakigusi tabo moja kwa moja: pumzi ya tumbo la injini. Kila injini ina gesi inayopenya kwenye ringi za pistoni na kushuka chini. Inatakiwa itoke kwa mipira ya kupumulia. Mipira hiyo ikiziba kwa tope la oili, au valvu yake ikikwama ikaruhusu msukumo wa tabo urudi tumboni, basi shinikizo linapanda kule chini. Oili ya tabo ikitaka kushuka inakutana na upepo unaopanda. Itashukaje? Haishuki. Na wewe utaambiwa tena, "Bosi, oili sili."

Upande wa kuingiza oili, angalia boliti yenye tundu, ile mafundi wanaiita banjo. Baadhi ya Subaru za injini ya EJ zina kichujio kidogo sana ndani ya boliti hiyo. Kikiziba, tabo inakufa na kiu huku dipstiki, kijiti cha kupimia oili, inakuonyesha oili imejaa. Na ukiwa unafunga tabo ya mtumba, usitumie bomba la zamani la oili bila kulipitishia hewa na kulitazama ndani. Oili iliyoungua huganda ikawa makaa magumu kwenye kona za bomba, hasa pale karibu na eksozi. Bomba linaonekana zima kwa nje, ndani limekuwa sindano.

Watu wananiuliza kuhusu zile taima, zinazoiacha injini inawaka baada ya kutoa ufunguo. Mimi maoni yangu ni haya. Kama umetoka Bagamoyo unakimbia ukafika nyumbani ukazima papo hapo, ndiyo, umeiacha tabo ya moto bila oili inayotembea, na oili iliyobaki inaungua. Iache ingurume dakika moja au mbili kwanza. Lakini kama umekaa foleni ya Ubungo saa nzima ukiwa gia ya kwanza, tabo yako imeshapoa zamani. Taima ya nini? Nunua oili nzuri kwa hela hiyo, na uinunue kwa mtu unayemwamini, maana mikebe iliyojazwa upya mnaijua.

Nimeongea sana kuhusu oili. Maji sitayakalia hivyo.

Tabo nyingi za petroli za miaka ya themanini na tisini zina mabomba mawili ya maji. Kazi yake kubwa ni baada ya kuzima injini: joto la chuma linapanda, maji yanaanza kuzunguka yenyewe kwa sababu ya moto na baridi, yanaondoa joto pale katikati, oili haigandi. Sasa fundi akiona mabomba hayo yanamsumbua, anayaziba. "Haina shida bosi, ina oili." Shida ipo. Ni ya miezi ijayo, lakini ipo.

Kwenye GT-Four kuna mtego mwingine. ST185 ya kawaida ina intakula (kipozeo cha hewa inayotoka kwenye tabo) inayopozwa kwa hewa, imelala juu ya injini chini ya tundu la boneti. ST165 iliyotangulia na ST205 iliyofuata zina intakula ya maji. Na maji hayo si ya rejeta ya injini. Yana rejeta yake ndogo mbele, pampu yake ya umeme, na mahali pake pa kujazia. Pampu ikifa, hakuna mshale wa joto utakaopanda kwenye dashibodi. Gari inapoteza nguvu jua likiwa kali, jioni inarudi, na mwenye gari anaanza kuamini mambo ya ajabu. (Kicheko.) Weka mkono kwenye pampu, switchi ikiwa imewashwa. Sikiliza. Ndiyo kipimo chenyewe.

Hili la mfumo wa pembeni ambao mwenye gari anausahau si la leo. Mwaka 1962 kampuni ya Oldsmobile, Marekani, ilitoa gari inaitwa Jetfire, mojawapo ya magari mawili ya kwanza kuuzwa kwa watu wa kawaida yakiwa na tabo. Lingine lilikuwa Corvair ya Chevrolet, mwaka huo huo. Injini ya Jetfire ilikuwa na mbano mkubwa, zaidi ya 10 kwa 1. Ukiongeza tabo juu ya mbano huo, petroli inaripuka kabla ya wakati wake, injini inagonga. Wahandisi wakaweka tangi dogo la maji yaliyochanganywa na methanoli, linanyunyizia kidogo kidogo kwenye hewa inayoingia ili kuipoza. Likikauka, valvu inapunguza msukumo wa tabo ili injini isiharibike. Kitaalamu, kazi nzuri sana. Kilichotokea? Wateja hawakujaza tangi. Wakalalamika gari halina nguvu. Mwaka 1963 gari likaachwa kutengenezwa, na nyingi kati ya zile zilizouzwa zikang'olewa tabo na kufungwa kabureta. Tabo haikuwa na kosa lolote pale.

Sasa hewa. Hapa nitakaa kidogo.

Mnajua hewa ina thamani gani? Nendeni mwaka 1995, mashindano ya dunia ya rally, Hispania, Catalunya. FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari, walikuwa wameweka sheria kwamba kila tabo ipumue kupitia tundu la milimita 34 tu, ili magari yasizidi nguvu. Pete ya chuma, mbele kabisa ya feni ya hewa. Mafundi wa timu ya Toyota, kwenye Celica ya ST205, wakatengeneza kifaa ndani ya mpira wa hewa. Ukifunga mpira na klipu kwa zana maalumu, pete inasogea kidogo na hewa ya ziada inapita pembeni yake. Mkaguzi akilegeza klipu ili atazame, springi zinairudisha pete mahali pake, kila kitu halali. Max Mosley, aliyekuwa rais wa FIA, alikiri kwamba ulikuwa ujanja wa hali ya juu ambao hawajauona kwa muda mrefu. Halafu wakawanyang'anya pointi zote za msimu na kuwafungia miezi 12. Ubingwa mwaka ule ukaenda kwa Colin McRae wa Subaru.

Watu walihatarisha jina la kampuni nzima kwa sababu ya nafasi ya milimita chache kwenye bomba la hewa. Na wewe bomba hilo hilo unalifunga kwa baindingi waya! (Kicheko, makofi.)

Hewa inapita sehemu mbili, na kila sehemu ina maradhi yake. Sehemu ya kwanza ni kutoka filta hadi kwenye tabo. Humu hakuna shinikizo, kuna kuvuta. Mpira ukipasuka hapa, hausikii chochote. Lakini kila vumbi la barabara ya mtaani kwako linaingia bila kupita kwenye filta, na feni ya hewa ni aluminiamu. Vumbi linakula ncha zake kama msasa. Ukitoa mpira ukaona ncha za feni zimelika na kuwa butu, usiulizie tabo. Ulizia filta, ulizia kifuniko chake kama kinakaa.

Sehemu ya pili ni kutoka kwenye tabo, kupita intakula, hadi kwenye throto, mlango wa hewa wa injini. Humu kuna shinikizo, na kuna joto. Hewa ya Dar ya nyuzi 32, ukiibana kwa msukumo wa baa 0.7 (baa ni kipimo cha shinikizo), inatoka kwenye tabo ikikaribia nyuzi 100. Ndiyo kazi ya intakula, kuishusha. Mpira ukichomoka hapa utasikia mlipuko mdogo na gari litazubaa. Huo ni ugonjwa mzuri, unajitangaza. Ubaya ni ule mpasuko mdogo chini ya klipu, unaofunguka tu injini ikivuta.

ST185 inapima hewa kwa sensa iliyopo kabla ya tabo. Kompyuta inahesabu hewa iliyopita, inaweka petroli ya hewa hiyo. Hewa ikitorokea njiani, petroli iko palepale, hewa haipo. Matokeo yake ni moshi mweusi, plagi nyeusi, mafuta yanaisha. Hata ile valvu ya pembeni inayolia "psssh", ambayo vijana mnaipenda sana, ukiifungua itoe hewa nje badala ya kuirudisha kabla ya tabo, unafanya kitu hicho hicho kila unapobadilisha gia. ST205 inapima kwa sensa ya shinikizo, kwa hiyo kuvuja hakuharibu mchanganyo namna hiyo. Inachofanya ni kuilazimisha tabo izunguke zaidi kufidia. Moshi hutauona. Utaona tabo imechoka kabla ya siku zake.

Utajuaje panapovuja? Nenda duka la mabomba, nunua kofia ya PVC inayoenea kwenye mpira wa kuingilia tabo. Itoboe, weka mdomo wa tairi la tubeless. Sensa ya hewa itoe kwanza. Funga kofia na klipu, injini imezimwa, jaza hewa taratibu kwa regyuleta, usizidishe baa moja. Pulizia maji ya sabuni kila mahali: viungo vya mipira, gasketi za manifodi (mabomba ya kugawia hewa kwenye silinda), shafti ya throto, valvu ya psssh, mifuniko ya injekta. Mapovu yatakuonyesha. Hakuna kompyuta ya kusoma makosa itakayokupa jibu hilo, na vifaa vyake havizidi bei ya chakula cha mchana cha watu wawili.

Neno kuhusu mipira yenyewe. Ya silikoni, ya rangi rangi, ni mizuri kwa hewa na joto. Kwa oili na petroli haifai, inalainika na kupitisha, mpaka uwe umenunua ile yenye tabaka maalumu ndani. Na mpira wa kumwagilia bustani usiusogeze kabisa. Msicheke, nimeuona kwenye Subaru.

Halafu kuna mtindo wa kuhamisha intakula kutoka juu ya injini kwenda mbele, chini ya bampa. Kwa mji wetu wa foleni, intakula ya juu kweli inapikwa na injini gari likisimama, kwa hiyo wazo lina mantiki. Lakini angalieni filta mnaishusha wapi. Anayeweka filta nyuma ya bampa, sentimita chache kutoka lami, halafu mvua za masika zinamkuta bonde la Jangwani, atavuta maji. Maji hayabaniki. Konrodi, mkono unaoshika pistoni, ndiyo inayopinda.

Nimalize na kampira kadogo kuliko yote, kanakotoka kwenye ganda la hewa la tabo kwenda kwenye kikopo cha westigeti. Ndani ya kikopo kuna kiwambo na springi. Msukumo ukifika kiwango, kiwambo kinasukuma mkono, mkono unafungua mlango, sehemu ya moshi inapita pembeni bila kuzungusha feni. Ndiyo breki ya tabo, hakuna nyingine. Kampira hako kakichomoka, au mtu akikachomoa makusudi akitafuta "nguvu", tabo haina wa kuizuia. Kwenye 3S-GTE kompyuta ikiona msukumo umezidi inakata mafuta, gari linashtuka kama limepigwa teke. Hapo mjanja anafunga kifaa cha kuidanganya kompyuta isikate. Amenyamazisha king'ora na moto bado unawaka. Pistoni zinayeyuka.

Na kwenye tabo fulani za Kijapani hazifiki hata huko. Injini ya RB26 ya Nissan Skyline GT-R na ile ya Toyota 1JZ ya zamani yenye tabo mbili zina feni za moshi za kauri. Ni nyepesi, zinaamka mapema, lakini ukizidisha msukumo juu ya wa kiwandani, feni inavunjika na kuondoka kwenye shafti. Ukinunua tabo ya namna hiyo ya mtumba, iulize historia kabla ya bei.

Kuhusu upande wa eksozi nina maneno machache: kaza stadi (boliti zisizo na kichwa), badilisha nati zilizolika, tafuta masizi kwenye maungio ya manifodi. Masizi nje ya gasketi maana yake moshi unatoroka kabla ya kuzungusha feni. Na zile bati za kukinga joto rudisheni, jamani. Zinatupwa kila siku, halafu tunashangaa mipira inaungua.

Sasa, umefuata mabomba yote. Bomba la kurudi liko wazi, pumzi iko wazi, hewa haivuji, westigeti inafanya kazi. Shika shafti kwa vidole, injini ikiwa baridi. Kuyumba kidogo sana kwenda pembeni ni kawaida, kwa sababu ya ule utando wa oili ambao sasa haupo. Kwenda mbele na nyuma ukausikia mchezo, au feni ikawa imegusa ganda, hapo ndiyo, tabo imekufa. Kanunue.

Ukishainunua, kabla hujaifunga safisha intakula na mabomba, maana vipande na oili ya marehemu vimo humo, na vitaingia kwenye injini. Mimina oili safi kwenye tundu la juu la tabo huku ukizungusha shafti kwa mkono. Badilisha oili na filta. Chomoa plagi ya umeme ya injekta na ya mfumo wa kuwasha, ili injini isiwake, piga stata mpaka taa ya oili izime, rudia tena. Ndipo uwashe, na uiache ingurume dakika kadhaa bila kukanyaga mafuta. Ikishapoa, rudi na bisibisi ukaze klipu zote upya, kwa sababu mpira mpya ukipata joto la kwanza hulegea.

Asanteni kwa kunisikiliza. Maswali tuanze na wale wa nyuma, waliosimama juani.